Pete, Paa na Ndondocha: Namna ya Kufuata Asili ya Viumbe na Vitu vya Ajabu

Ukitaka kujua kiumbe au kitu cha ajabu katika riwaya ya fantasia kimetokea wapi, usianze na jina lake. Jina huazimwa kirahisi mno. Gandalf, yule mchawi mzee aliyetokea kwenye kitabu cha J. R. R. Tolkien mwaka 1937, jina lake limo kwenye orodha ya mbilikimo katika shairi la kale la Iceland liitwalo Völuspá. Lakini mwenyewe si mbilikimo hata kidogo. Ni mzee mrefu mwenye ndevu, kofia pana na mkongojo, anayezuka asikotarajiwa na kuondoka bila kuaga. Hizo ni sifa za Odin, mungu wa Wanorsi, watu wa kale wa Skandinavia, ambaye hupita duniani akijifanya msafiri wa kawaida. Ukifuata jina utaishia kwa mbilikimo, ukifuata mwenendo utafika kwa Odin, na zote mbili ni nasaba halali za mhusika mmoja.

Kwa hiyo kila kitu kipewe ukurasa wake kwenye daftari, na ukurasa ugawanywe hivi: jina na umbo; kazi kinayofanya; masharti yake; kinamgharimu nini anayekitumia; na mwisho wake unakuwaje. Juu kabisa andika mwaka wa andiko la zamani zaidi uliloliona kwa macho yako. Anayeruka sehemu ya masharti na gharama hujikuta anaunganisha vitu visivyo na undugu wowote, kwa sababu pete zimejaa dunia nzima na kila taifa lina fimbo ya ajabu.

Tuijaribu pete. Pete ya kumfanya mtu asionekane inapatikana kwa Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki, kwenye kitabu cha pili cha *Jamhuri*, takriban miaka 375 kabla ya Kristo. Gyges, mchungaji wa Lydia, anaona ardhi imepasuka baada ya tetemeko. Anashuka, anakuta farasi wa shaba aliye wazi ndani, na ndani ya farasi kuna maiti yenye pete. Akikigeuza kichwa cha pete kuelekea kiganjani, haonekani. Akikirudisha nje, anaonekana. Gharama yake ni ya tabia: anamtongoza malkia, anamuua mfalme, anatwaa kiti. Herodotus, mwanahistoria aliyemtangulia Plato, anamsimulia Gyges huyohuyo bila pete yoyote, na kwake mtu anajificha nyuma ya mlango tu. Maana yake pete imeongezwa juu ya kisa kilichokuwepo tayari.

Sasa weka pembeni pete ya Andvari ya Wanorsi. Hiyo haimfichi mtu. Inaleta mali, na imelaaniwa imuue kila atakayeimiliki. Draupnir, pete ya Odin, kila usiku wa tisa inadondosha pete nyingine nane za uzito uleule. Na pete ya Nabii Suleimani, ambayo wazee wa pwani yetu wanaijua vizuri kuliko hizo zote, kazi yake ni mamlaka: mwenye nayo anaamrisha majini, na akiipoteza anapoteza utawala. Pete nne, kazi nne. Pete ya riwaya inayoficha, inayolaani na inayotawala kwa pamoja imechota kwenye zaidi ya kisima kimoja, na daftari lenye sehemu zake litakuonyesha ni kipi kimechotwa wapi.

Kuna fahirisi za kusaidia. Stith Thompson wa Marekani alikusanya motifu, yaani vipengele vinavyojirudia katika hadithi, akazipanga kwa herufi na namba, na toleo lililorekebishwa la juzuu sita lilitoka kati ya 1955 na 1958. Pete ya kuficha ni D1361.17, joka la vichwa saba ni B11.2.3.1, roho iliyofichwa nje ya mwili ni E710. Kwa hadithi nzima kuna orodha ya aina za hadithi iitwayo ATU, iliyopangwa upya na Hans-Jörg Uther mwaka 2004. Zitumie kutafutia, usizitumie kuhukumia. Namba moja inasema tu kwamba visa viwili vinafanana, na haisemi kimoja kimetoka kwa kingine. Kufanana kuna sababu tatu: watu walipokezana, watu walibuni kila mmoja kwake, au wote walirithi kutoka kwa chanzo cha tatu. Ili udai kupokezana, onyesha njia: nani alisafiri, lini, kwa lugha gani.

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni kuichukua tabaka ya juu ukadhani ni chimbuko. Aladini ndiye mfano mzuri. Hadithi yake haimo katika hati ya kale ya Kiarabu ya Alfu Lela Ulela ambayo Antoine Galland aliitafsiri kwa Kifaransa. Galland aliisikia Paris mwaka 1709 kutoka kwa Hanna Diyab, Msyria wa Aleppo, akaichapa mwaka 1712. Humo ndani Aladini anaishi China, ana jini wa taa na jini mwingine wa pete, na maombi hayana idadi. Yale maombi matatu ambayo kila mtoto anayataja yameenezwa na sinema, hasa filamu ya Aladini ya 1992. Vivyo hivyo mnyonya damu kuungua juani: katika riwaya ya *Dracula* ya 1897 anatembea mchana, nguvu zikiwa zimepungua tu. Kufa kwa mwanga wa jua kulikuja na filamu ya Ujerumani ya 1922. Msimulizi wa Mikindani akikwambia jini hutoa maombi matatu, andika alivyosema, kisha pembeni uweke alama kwamba sinema imepita hapo.

Hata dini inahitaji uangalifu huohuo. Zulia linaloruka mara nyingi linaunganishwa na Nabii Suleimani. Kurani, Sura ya 34 aya ya 12, inataja upepo uliotiishwa kwake, mwendo wake wa asubuhi mwezi mmoja na wa jioni mwezi mmoja. Zulia halimo. Zulia limo kwenye visa vya manabii vilivyosimuliwa baadaye, kwa hiyo kwenye daftari hizo ni mistari miwili tofauti, na mwenye imani yake hana sababu ya kukwazika ukizitenganisha kwa adabu.

Tuje nyumbani, kwenye hazina ambayo watu wa kusini mwa Tanzania wanaipita bila kuitazama. Edward Steere, aliyewaongoza watumwa walioachwa huru kutoka Lindi hadi Masasi mwaka 1876 na kuanzisha misheni pale, alikuwa ameshachapa mwaka 1870 mkusanyo wa hadithi za Kiswahili alizozisikia Unguja. Ndimo alimo Nunda mla watu, paka aliyekua akala mifugo na kisha watu. Ndimo alimo Fumo Liyongo. Na ndimo alimo paa wa Sultani Darai. Andrew Lang aliwachukua Nunda na paa akawaweka kwenye kitabu chake cha hadithi cha 1901, na kwa mlango huo wakaingia kwa wasomaji wa Kiingereza.

Huyu paa anastahili kusomwa polepole. Haamdani ni maskini anayechakura jaani akitafuta chembe za mtama. Siku moja anaokota thumuni, ananunua paa, watu wanamcheka: chakula chake mwenyewe hana, atamlisha nini mnyama? Paa anaongea. Anakwenda kulisha, anafukua almasi kubwa, na badala ya kumletea bwana wake anaipeleka kwa sultani wa mji mwingine, akisema imetoka kwa Sultani Darai anayeposa, jina alilombunia bwana wake. Bwana anavishwa nguo na kuozwa. Nyumba hana, kwa hiyo paa anakwenda kutafuta, anakuta jumba la nyoka mwenye vichwa saba, anavikata, analitwaa. Halafu paa anaumwa, na bwana anaagiza apewe uji wa mtama tu. Mke anamlilia mnyama, mume hajali. Paa anakufa. Usiku mke anaota yuko kwao, anaamka na yuko kwao kweli. Haamdani naye anaamka jaani, anachakura.

Msomaji wa Ulaya ataona mara moja kwamba huyu ni ndugu wa yule paka mwenye viatu vya buti, ATU 545B. Wengi huishia hapo, na wengine hata husema Waswahili walimpata kwa Wafaransa. Linganisha miisho kwanza. Kwa Charles Perrault, mwaka 1697, paka anakuwa bwana mkubwa na mambo yanakwisha vizuri. Lakini kwa Giambattista Basile wa Napoli, kitabu kilichotoka kuanzia 1634, paka anajifanya amekufa kumpima bwana wake, na bwana anaagiza atupwe dirishani. Utovu wa shukrani upo kwa Basile, upo kwetu, kwa Perrault haupo. Paa wetu yuko karibu na tawi lile la zamani kuliko na kile kitabu maarufu cha Kifaransa. Sehemu ya nyoka wa vichwa saba ni kisa kingine kilichounganishwa, na uji wa mtama umetiwa na mpishi wa huku: chembe ambazo Haamdani alizichakura kwa njaa ndizo anazomtupia aliyemtajirisha. Mtunzi wa leo anayetaka mnyama msaidizi haoni kwenye mkusanyo wote mfano wenye masharti makali kama huu, maana utajiri wote umefungwa kwenye heshima kwa mnyama mmoja.

Kilwa nayo ina yake. Kisa cha kuanzishwa kwa utawala wa Kishirazi kinasema mgeni, Ali, alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote. Wapenzi wa visasili hukimbilia kwa Dido wa Carthage, aliyeomba ardhi ya kutosha ngozi moja ya ng'ombe akaikata nyuzi nyembamba akazungushia kilima. Motifu ya ngozi ni K185.1, na iko kwenye fungu la udanganyifu. Lakini soma masharti: Ali hakudanganya, alilipa nguo kamili, bidhaa ambayo pwani hii ilifanyia biashara kwa karne nyingi. Ujanja uko kwenye sehemu ya pili. Katika simulizi la Kiswahili la Kilwa Kisiwani, mwenyeji Mrimba, Mmachinga, anahamia Ruvuma, kisha anarudi kwa vita. Zamani watu walivuka kwa miguu maji yakipwa. Watu wa kisiwani wamesoma Kurani na kufanya kafara, na Mrimba anasimama ng'ambo akisubiri maji yapwe, hayapwi. Masimulizi mengine yanasema mlango wa bahari ulichimbwa. Kwa hiyo kinachofanana na Dido ni kipimo cha kuzungusha, basi. Uzito wa kisa cha Kilwa uko kwenye maji kujaa na kupwa, jambo ambalo mtu wa Carthage hakuwa na sababu ya kulifikiria.

Kutodhurika kwa silaha ni eneo jingine ambalo kusini ina neno la kusema, na hapa nashika kalamu kwa uangalifu. Achilles, shujaa wa Kigiriki asiyedhurika isipokuwa kisigino: mshairi wa kale Homer hakitaji kisigino hicho. Kisa cha kuchovywa katika mto Styx kinaonekana kwanza kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya kwanza. Siegfried wa Wajerumani alioga damu ya joka, jani likamganda mgongoni na pale pakabaki nyama ya kawaida. Fumo Liyongo wa pwani ya kaskazini hauawi isipokuwa kwa sindano ya shaba kitovuni, na anayeichoma ni mwanawe mwenyewe aliyeahidiwa ndoa. Motifu ni Z311, na ukiwapanga watatu hawa utaona kwa Liyongo siri haiko mwilini tu, iko kwenye damu: anayeijua ni wa nyumbani.

Maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe hayako kwenye safu hiyo, ingawa waandishi wa fantasia huyaweka humo. Mwaka 1905, vita vilipoanza Nandete kwenye vilima vya Umatumbi kwa kung'oa pamba, dawa ile iliwaunganisha watu wa makabila mengi, na iliaminiwa ingezigeuza risasi kuwa maji. Haina kisigino wala kitovu. Haina sehemu moja iliyosahauliwa, ina miiko ya kufuata, na mtu akipigwa wengine husema alivunja mwiko. Watu wengi mno walikufa, wengi kwa njaa baada ya mazao kuchomwa, na wajukuu wao ndio majirani zetu. Ukiitumia kwenye hadithi, tumia muundo wake, yaani kinga ya jamii nzima yenye miiko, na usimgeuze Kinjikitile kuwa mganga wa kuchekesha.

Ndondocha anatoa somo zuri la kutenganisha matabaka. Zombi wa sinema, anayekula nyama ya watu na kuambukiza kwa kung'ata, ametoka kwenye filamu ya Marekani ya 1968. Zombi wa Haiti hali mtu. Ni maiti iliyoamshwa ili ifanye kazi shambani, kumbukumbu ya utumwa wa miwa, na akionja chumvi anazinduka na kujua kwamba amekufa. Ndondocha anayesimuliwa huku kwetu anadhaniwa kafa na kazikwa, hasemi, analishwa pumba na kulimishwa usiku. Kazi yake inafanana na ya Mhaiti kwa asilimia kubwa kuliko anavyofanana na wa sinema. Njia kati ya Afrika na Haiti ipo, ni ya meli za watumwa, lakini hiyo njia haitoshi kuthibitisha huyu ni mtoto wa yule. Andika "zinafanana katika kazi, chakula na ukimya" na uishie hapo. Na jambo la lazima: kisa cha ndondocha kikianza kutaja jirani fulani, zima kinasa sauti. Hapo si ngano tena. Ni tuhuma ya uchawi, Sheria ya Uchawi inaikataza, na mzee mmoja anaweza kuuawa kwa sababu ya daftari lako.

Kuhusu majoka na mifupa nitasema kidogo. Klagenfurt, Austria, sanamu ya joka ilichongwa kichwa chake kwa kufuata fuvu la kifaru wa kale mwenye manyoya lililofukuliwa karne ya 14, na fuvu lenyewe limehifadhiwa. Huo ni ushahidi. Tendaguru, Lindi, ilitoa kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria aliyesimamishwa Berlin mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, lakini kuwepo kwa mifupa hakufanyi kila nyoka mkubwa wa hadithi za Lindi awe ametokana nayo. Bila msimulizi anayeitaja mifupa ndani ya kisa, usiunganishe.

Utajuaje basi kisa kimeota hapahapa? Tazama kama kuna jambo ambalo likitolewa, kisa kinaanguka, na jambo hilo ni la mahali. Karl Weule, Mjerumani aliyepita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika kisasili cha Wamakonde. Mtu aliyeishi porini, mahali paitwapo Mahuta, asiyeoga wala kunyoa, alichonga mti umbo la binadamu akalisimamisha kwake. Usiku likawa mwanamke. Wakashuka Ruvuma kuoga, mtoto akazaliwa mfu. Wakaenda bonde la Mbwemkuru, wa pili akazaliwa mfu. Waliporudi juu Mahuta, wa tatu akaishi. Baba akawaagiza wanawe wazike wafu wakiwa wima, na wajenge mwendo wa saa moja mbali na maji, kwa kuwa mabondeni kuna maradhi. Watu humlinganisha na Pygmalion wa Ovid, aliyependa sanamu aliyoichonga. Pygmalion aliomba kwa mungu wa mapenzi na akajibiwa. Huyu wa Mahuta hakuomba kitu; alisimamisha tu. Na ukiondoa mabonde mawili na uwanda wa juu usio na maji, hakuna kisa kinachobaki. Kinaeleza kwa nini Newala na Tandahimba watu wamejenga juu na kina mama wameshuka mteremko na ndoo kwa vizazi. Hicho ni cha hapa.

Ukienda kurekodi mwenyewe, omba ruhusa kwanza na ruhusa iingie kwenye sauti. Taja tarehe, kijiji, lugha, na msimulizi alisikia kwa nani. Kisa kisimuliwe kwanza kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao, Kimakua au Kimachinga, halafu ndipo kwa Kiswahili, kwa sababu akianza na Kiswahili msimulizi hukifupisha na kukilainisha kama cha shuleni. Usiulize "huyo ni kama zombi?" maana atakubali kwa heshima na umeshaharibu. Uliza "anakula nini? anaogopa nini? nani anaweza kumwona?" Rudi baada ya wiki kadhaa, aseme tena, kinachobaki vilevile mara zote mbili ndicho mifupa ya kisa. Epuka kurekodi karibu na banda la mabati mvua ikinyesha, na simu uiweke kwenye kitambaa, si juu ya meza tupu, la sivyo kila kikombe kikiguswa sauti inapotea. Mambo ya jando na unyago ambayo msimulizi atasema si ya kutoka nje, yafute mbele yake.

Nakala mwachie. Simu nyingi hurekodi kwa faili ambalo redio ndogo za memori kadi hazilisomi, kwa hiyo ligeuze liwe MP3 kabla hujalinakili, na ulijaribu kwenye redio yake mwenyewe kabla hujaondoka.